Sabuni za Seleman Peke Yake

22 Machi

Nitaandika Kiswahili. Darasani tunaandika Kiingereza, na kwenye klabu ya kompyuta hata mashine yenyewe inataka Kiingereza, lakini wivu wangu haukusoma Kiingereza. Ukiuandika kwa lugha ile unakuwa kama jibu la mtihani.

Basi niseme: nina wivu.

Leo ni Idi pili. Tangu kidato cha kwanza, kila Idi naenda Mlingotini kwa kina Zaina. Nakaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, na mama yake, Bi Mwanahija, ananijazia biriani huku akinitania: "Tekla wangu, wewe huna haja ya Ramadhani. Mdomo umeufunga mwaka mzima." Mahali pale ni pangu. Hakuna aliyeniandikia, lakini ni pangu.

Leo nimefika nikamkuta Hope amekaa pale.

Hope alihamia shuleni kwetu Januari. Walikuwa Dar, baba yake akajenga Kerege. Anaongea na kila mtu kama wamezaliwa nyumba moja. "Karibu shosti! Sogea hapa, usiogope," akaniambia. Ananikaribisha mimi, kwenye nyumba ambayo najua hadi msumari wanaotundikia kanga.

Nikasogea. Nikala. Biriani ilikuwa tamu, na hilo nalo likaniudhi.

24 Machi

Mvua. Zaina na Hope chini ya mwavuli mmoja hadi stendi. Mimi nilijifunika daftari la jiografia.

27 Machi

Klabu leo. Nieleze vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajifanya sikumbuki.

Kikundi cha mama yake Zaina kinalima mwani na kutengeneza sabuni za mwani. Masika ni msimu mbaya kwao. Mwani haukauki. Ukiuanika asubuhi mvua inaupiga mchana, kesho yake unanuka. Wanabaki na sabuni walizotengeneza kiangazi, na mteja gani atakanyaga matope hadi Mlingotini kufuata sabuni? Ndipo Zaina akaja na wazo: tuwatengenezee tovuti. Mteja anajaza fomu akiwa kwake: jina la kuchapwa kwenye lebo, namba ya simu, idadi, ujumbe. Watu wenye shughuli siku hizi wanapenda sabuni zenye majina, wawagawie wageni wakati wa kuondoka.

Mwalimu Medard, mlezi wa klabu, akagawa kazi. Fomu nikapewa mimi. Kisha akauliza nani ataandika programu ya kupokea majibu ya fomu na kuyapanga. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Ndiyo kazi yenye akili. Nilikuwa bado naupandisha mkono kichwani kwangu, wa Hope ulikuwa umeshafika juu.

"Hongera Hope," akasema Zaina. Mimi kwenye fomu hakunipongeza mtu.

31 Machi

Leo oda za kwanza zimeingia. Tumejazana kwenye kompyuta moja kusoma. Ya kwanza ilikuwa hivi:

Naomba+sabuni+kumi.+Nipo+ng%27ambo+ya+barabara.

Darasa zima likacheka. "Huyu mteja katuma hesabu!" Zaina hakucheka. "Sasa mama nitamsomea nini hapa?"

Nilijua. Naapa nilijua. Mtu akibonyeza "tuma", fomu haipeleki maneno yakiwa wazi. Inayafunga kwanza ili yasafiri salama. Nafasi kati ya maneno inakuwa +. Ile alama ya juu kwenye ng'ambo inakuwa %27. Hata + yenyewe, kama ya mwanzo wa namba ya simu, inafungwa inakuwa %2B, na ile & wanayoandika kwenye kadi za harusi inakuwa %26. Kule inakopokelewa lazima mtu afungue, kama kisimbuzi kinavyofungua picha ya TV. Programu ya Hope ilikuwa haifungui. Basi. Ni maneno mawili tu ya kusema.

Yalikuwa ulimini. Hope akawahi: "Ah, ishu ndogo hiyo, tukirudi baada ya Pasaka mtakuta iko fresh." Zaina akamshika bega.

Mimi bega langu lilikuwa karibu zaidi.

2 Aprili

Nimewahi maabara ya kompyuta kabla ya paredi, hakuna mtu. Nimefungua faili la programu, neno la siri tunalijua wote. Nikaandika mstari mmoja tu: chochote kinachoingia kutoka kwenye fomu, kifunguliwe. Nimeuweka juu kabisa, kabla ya mistari yote ya Hope.

Ningeweza kumuuliza unafaa kukaa wapi. Sikutaka kuuliza. Nilitaka wangu uwe wa kwanza.

Nikajaribu oda ya uongo. Ng'ambo ikatoka safi kabisa. Nikatabasamu peke yangu kama kichaa, nikakimbilia paredi.

Sikuandika jina langu. Nawaza watauliza wenyewe.

Jumapili ya Pasaka

Kanisani nimewaombea watu wote. Hope nilimruka. Nikarudi nikamwombea, kwa kifupi.

7 Aprili

Oda zimetoka safi. "Nani amefanya?" akauliza Mwalimu Medard.

"Mimi, mwalimu. Nilikuja Jumamosi," akasema Hope.

Wakampigia makofi. Kumbe naye ameandika wa kwake, chini ya wangu! Yaani wangu umeshafungua kila kitu, wake umekuta hakuna cha kufungua, na anayepigiwa makofi ni yeye. Aliniangalia kidogo halafu akaangalia chini. Nikasema moyoni, unajua, mwizi wewe.

Zaina leo kaleta vitumbua. Zamani tulikuwa tunagawana viwili viwili. Sasa kimoja kimoja, na kile cha nne wanabembelezana: "Kula wewe." "Hapana, kula wewe." Nikakila mimi.

11 Aprili

Mvua. Mwavuli. Wao.

16 Aprili

Nimeona kitu.

Kwenye oda za wiki hii, namba za simu zimepoteza +. Mteja ameandika +255 na kuendelea, kwetu inafika 255 ikiwa na nafasi tupu mbele. Nimejua sababu hapo hapo: mstari wa Hope ukiona + popote unaigeuza kuwa nafasi. Hajui kwamba + nyingine ni za kweli.

Nimefurahi. Naandika hivi hivi ili nisije kujidanganya. Nimefurahi hadi nikasikia joto masikioni. Sijamwambia mtu. Alitangaza ushindi mwenyewe, kosa nalo atangaze mwenyewe.

20 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo. Zaina anasema mwani wote uliokuwa kwenye chanja umeoza, wameumwaga. "Mama anasema hadi masika yaishe tunaishi kwa sabuni tu." Alikuwa anamwambia Hope. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma yao nikijifanya nafunga kiatu.

Halafu mchana ikaingia oda kubwa kuliko zote: sabuni mia mbili, jina la lebo: Seleman. Zaina aliruka hadi benchi likaanguka. Akamkumbatia Hope. Akanikumbatia na mimi, lakini wa pili.

25 Aprili

"Tekla, mbona umenuna?" kaniuliza Zaina. Nimesema kichwa kinauma.

2 Mei

Mama ameniuliza mbona Zaina haji tena nyumbani. Nimesema mvua.

8 Mei

Leo nitaandika yote.

Leo Ijumaa, baada ya masomo, Mwalimu Medard alitupeleka Mlingotini tupige picha za sabuni za kuweka kwenye tovuti. Mimi, Zaina, Hope. Tulikuwa barazani, kina mama wanafunga sabuni kwenye karatasi, mvua inapiga mabati. Ikaja bajaji, akashuka mama mmoja amebeba boksi kifuani, amelifunika kwa mtandio wake, yeye mwenyewe kichwa kinalowa.

"Asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam. Karibu dada, karibu ndani, mvua hiyo."

"Sikai. Bi Mwanahija, nakuheshimu sana, nimekuja kuuliza swali moja tu." Akatoa sabuni, akainyanyua juu tuione wote. "Huyu Seleman anajioa mwenyewe?"

Kwenye lebo kulikuwa na ua, na maneno: Asante kwa kuja. Seleman. Basi.

"Mimi ni shangazi yake Ashura. Harusi keshokutwa. Boksi lilifikia kwa upande wa mume, wao wameliona kabla yetu. Sasa wanatuimbia! Eti bibi harusi kafutwa kabla hajaolewa. Eti hata sabuni imemkataa. Mtoto kajifungia chumbani analia, hataki hata kupakwa hina."

Bi Mwanahija alishika kichwa. "Dada yangu, wallahi sisi tuliletewa jina moja. Nilidhani ni jando la mtoto. Nikasema ngoja nipige niulize kwanza, nikapiga kwa kisimu changu hiki cha vitufe, nimefuata namba kama ilivyo kwenye karatasi, kinaniambia namba si sahihi. Nimepiga na kupiga, mwisho nikafuata maelekezo ya kwenye ujumbe, nikazituma."

"Niliandika mwenyewe kwa vidole hivi! Seleman, ile alama ya kwenye kadi, Ashura!"

Namba si sahihi. Ile + niliyoiona imepotea, nikakaa na furaha yangu.

Hope akasimama. Alikuwa analia kabisa, na Hope hajawahi kulia mbele yetu. "Ni mimi, mama. Programu ya kupokea ni yangu. Nisameheni."

Zaina akamgeukia. Alimwangalia jicho baya, jicho ambalo miezi yote hii nimekuwa nikiomba amwangalie nalo. Nikaingoja ile furaha yangu. Haikuja. Nilichoona ni Hope anatafuta mahali pa kuweka mikono.

Mwalimu Medard akafungua laptopu yake juu ya boksi la sabuni. Hope akaonyesha mistari yake. Anagawa kwanza: jina hili hapa, simu hii hapa, idadi hii hapa. Fomu inatenganisha majibu kwa alama ya &, kwa hiyo kila akiona & anakata. Halafu ndipo anafungua jibu moja moja. Mstari wake wa kufungua ulikuwa sahihi. Kazi yake yote ilikuwa sahihi. Mwalimu akasema, "Sasa Ashura kapotelea wapi?"

Na mimi nikaona. Juu kabisa, mstari wangu.

Ni hivi. Mama amefunga vitumbua vya watoto watatu, kila mtoto na mfuko wake, mifuko yote ndani ya kikapu kimoja. Ukigawa mifuko kwanza, kila mtu akafungua wake, hakuna ugomvi. Ukifungua mifuko yote ukamwaga kwenye kikapu, ndipo ukaanza kugawa, nani atajua kipi cha nani? Mimi nilimwaga. Ile & kati ya Seleman na Ashura ilikuja imefungwa vizuri, mimi nikaifungua mlangoni, Hope alipokuja kukata akadhani jibu la jina limeishia pale. Seleman akaingia, Ashura akabaki nje. Na zile + za simu, ni mimi niliyezifungua mapema, mstari wa Hope ukazikuta uchi. Vitu vilivyofungwa mara moja vilifunguliwa mara mbili, kwa sababu watu wawili walikuwa hawasemeshani.

"Mstari wa juu ni wangu," nikasema.

Mvua ilikuwa kubwa. Hakuna aliyesikia. Ningeweza kunyamaza, Mungu alinipa nafasi kabisa.

"MSTARI WA JUU NI WANGU!" Nilipiga kelele hadi kuku wakatoka chini ya benchi. "NI MIMI! NILIUWEKA ASUBUHI KABLA HAMJAJA!"

Wote wakanitazama. Shangazi yake Ashura akasema, "Mstari gani tena? Mimi namtaka Ashura wangu."

Zaina akaniuliza polepole, "Na ile alama ya simu? Uliiona imepotea?"

"Niliiona."

"Lini?"

"Siku nyingi. Nilidhani ni kosa la Hope."

Akanigeuzia mgongo. Afadhali angenitukana.

Aliyeongea ni Hope, huku anajifuta kamasi kwa sketi. "Mimi mstari wako niliuona. Jumamosi ile. Niliogopa kukuuliza. Wewe huongei na mimi, Tekla. Unaniangalia tu. Nikajua umeuweka kunionyesha kwamba sijui kitu, nikauacha, nikaandika wangu chini, wakanipigia makofi na mimi nikanyamaza."

Kuniogopa. Mimi! Maisha yangu yote naogopa watu, sikujua kuna mtu ananiogopa mimi.

"Haya, mistari mtaandikiana kesho," akasema Bi Mwanahija. "Umeme umekatika tangu asubuhi na duka la kuchapa limefungwa. Bi Arafa, una piko?"

Bi Arafa ni mwenzao kwenye kikundi, ndiye anayewapamba maharusi wa Mlingotini wote hina na piko, ile rangi nyeusi. Akacheka. "Lini nimekosa piko?"

Tukafungua boksi. Sisi wasichana tukapanga sabuni kwenye mikeka, lebo juu. Bi Arafa akaandika ya kwanza kwa kijiti: baada ya Seleman, alama ya na, halafu Ashura, herufi zimejikunja kama zinavyojikunja kwenye kiganja cha bibi harusi, na kikonyo cha ua kimetoka kwenye A. Wenzake wakamfuata. Shangazi aliyesema hakai akavuta kigoda. Baada ya muda akaomba kijiti na yeye. Mwalimu Medard akapewa kazi ya kupepea ili zikauke, kwa sababu ndiyo pekee waliyomwamini nayo.

Ashura wa piko alitoka mweusi, mnene, amependeza. Seleman wa mashine akawa kama mtu aliyekuja kumsindikiza.

"Sasa waimbe," akasema shangazi. "Waimbe tuwasikie."

Zaina alinipitishia sabuni jioni nzima bila kunitazama.

9 Mei

Mimi na Hope maabara. Nimeufuta mstari wangu kwa mkono wangu. Tumejaribu majina yenye &, simu zenye +, ujumbe wenye "asilimia mia" ulioandikwa 100%, ng'ombe, ng'ambo, kila takataka. Zote zimetoka nzima. Hope anaongea peke yake akifanya kazi, kama mtu anayepika. Nilikuwa nadhani anajionyesha. Kumbe anajisaidia kukumbuka.

Zaina hakuja.

11 Mei

Zaina anaongea na Hope. Mimi ananipa salamu, kama mtu wa darasa lingine.

13 Mei

Salamu. Mvua. Hope alinifunika kwa mwavuli wa Zaina, Zaina akatembea mbele na kulowa. Tukawa tunamfuata na mwavuli wake, yeye hataki kurudi.

15 Mei

Nimemwambia Zaina. Nilijifunza maneno usiku, asubuhi yakakataa, nikasema yaliyobaki: "Nilitaka uwe wangu peke yangu."

Akasema, "Mama yangu angekosa wateja wa msimu mzima, Tekla."

Nikasema najua. Akasema, "Hujui, ila utajua. Jumamosi uje uanike."

16 Mei

Nimeanika mwani hadi mgongo unauma. Jua lilitoka, likaingia, tukaanua, likatoka, tukaanika tena. Sasa najua.

23 Mei

Mvua inakatika. Watu waliokuwa kwenye harusi wameanza kuagiza. Kwenye sehemu ya ujumbe wanaandika: tunataka zilizoandikwa kwa piko. Leo imeingia ya Issa & Arafa (Arafa mwingine, si Bi Arafa wetu), wote wawili wamefika, na simu yao na + yake. Bi Mwanahija akapiga kwanza kuhakikisha. Sasa anampigia kila mteja. Anasema mashine anaipenda lakini sikio analiamini zaidi.

Mchana tukakaa karibu na mlango wa jikoni, watatu, tumebanana. Piko lilibaki kidogo kwenye kibakuli. Shuleni ni marufuku, kwa hiyo Zaina alituchora kwenye vifundo vya miguu, soksi itaficha. Akaanza na Hope. Halafu mimi. Nilimwangalia anavyoinamisha kichwa, nikafikiri, imekwisha, nimepona.

Kisha nikatazama mguu wa Hope. Nikatazama wangu. Nikahesabu.

Zamani ningekuja kuyaandika hapa, nikafunga daftari, nikanuna wiki mbili. Lakini mabati yalikuwa kimya, hapakuwa na mvua ya kunificha, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ua la Hope lina majani mengi kuliko langu."

Wakanitazama. Hope akaanza kucheka, hadi akalala chali kwenye mkeka. Zaina hakucheka. Alichovya kijiti.

"Lete mguu," akasema.